Nafungua Kompyuta Saa Tatu Asubuhi, Kazi Naianza Saa Nne Usiku

Dada mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29. Ninaishi Nyegezi, Mwanza, katika chumba na sebule ambavyo ndivyo nyumba yangu na ndivyo ofisi yangu. Nilisoma kompyuta chuoni, na kwa miaka minne sasa najitegemea kwa kutengeneza programu. Mama yangu aliwahi kunisikia nikimwambia rafiki kwamba nashinda nikiandika kodi, yaani msimbo wa programu, na tangu siku hiyo huwaeleza majirani kwamba mwanawe yuko TRA. Nimeacha kumsahihisha.

Mapema mwaka huu mjomba alinikutanisha na viongozi wa SACCOS moja ya walimu yenye wanachama wapatao mia tatu, ambao hesabu zao zimetawanyika kati ya madaftari na majedwali ya Excel. Tulikubaliana niwatengenezee mfumo wa kutunza hisa, akiba, mikopo na ripoti kwa shilingi milioni sita, nao wakanilipa nusu siku ya kusaini. Mkataba ulinipa miezi minne. Sasa tuko mwezi wa saba.

Sehemu ya hisa na akiba niliimaliza kwa wiki tano, nikawaonyesha, wakafurahi sana. Iliyobaki ni mikopo, na hapo ndipo nilipokwama. Naomba nikueleze siku yangu ilivyo, maana nikisema tu kwamba naahirisha kazi hutanielewa. Saa tatu asubuhi nafungua kompyuta na kufungua faili la mikopo. Nasoma mistari ishirini ya juu, ambayo nimekwisha kuikariri, halafu naona kama rangi za maandishi zinanichosha macho, basi nazibadilisha. Nikishazibadilisha naingia kwenye kundi la WhatsApp la watengenezaji wenzangu, nakuta mtu ana hitilafu iliyomtesa tangu jana, nami naitatua kwa dakika kumi na kushukuriwa. Kisha natazama video ya YouTube kuhusu lugha mpya ya programu ambayo mteja wangu haihitaji. Halafu ni chai, halafu ni kununua umeme wa LUKU, halafu adhuhuri imeingia. Ikifika saa nne usiku hofu inanishika kooni, nalirudia faili lile lile la mikopo na kuandika mpaka saa tisa usiku, na kesho yake nafuta nusu ya nilichoandika kwa sababu nikikisoma mchana hakiniingii akilini.

Sijakaa bure bila kutafuta dawa. Nimewahi kumwachia simu mama ntilie wa jirani hadi jioni. Nimetumia kipima muda cha dakika ishirini na tano. Nimebandika ratiba ukutani na kuweka programu ya kuzuia mitandao ya kijamii. Kila kimoja kilinisaidia wiki moja, kisha nikarudi nilikotoka.

Meneja wa SACCOS alikuwa akinipigia kila wiki. Mwanzoni nilipokea na kumwambia kwamba umeme ulikatika, jambo ambalo mara moja lilikuwa kweli. Siku hizi naona jina lake kwenye simu na kuiacha iite hadi inyamaze. Jumapili iliyopita mjomba aliniuliza, "Ile kazi ya walimu vipi?" nikajibu kwamba iko mwishoni. Fedha ya awali nililipia kodi ya nyumba, hii ya kweli, na kununua kompyuta mpakato iliyotumika. Haipo tena.

Sasa kuna kampuni Dar es Salaam iliyoniita nianze kazi mwezi ujao, kwa mshahara, katika ofisi yenye msimamizi. Upande mmoja wa moyo unaniambia kwamba nikisimamiwa nitafanya kazi kama watu wengine. Upande wa pili unaniambia kwamba nitakuwa nimetoroka. Rafiki yangu mmoja yuko tayari kuingia tumalizie pamoja tukigawana malipo yaliyobaki. Usiku nikichoka kabisa huwaza kukopa, kuwarudishia walimu fedha yao, kisha nifungue duka la vifaa vya shule na kuachana na kompyuta moja kwa moja.

Marehemu baba alikuwa akisema kwamba uvivu ni ugonjwa usio na hospitali. Nieleze bila kunionea haya, dada: mimi ni mvivu? Na nifanye nini kabla mwezi haujaisha?

Aliyekwama, Mwanza

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Kwa kuwa mimi si mtu wa kompyuta, nilimwomba kijana mmoja anayefanya kazi kama yako anieleweshe mahali niliposhindwa, naye alipofika kwenye habari ya kubadilisha rangi za maandishi alicheka kicheko cha mtu aliyeshikwa ugoni. Nakuambia hivi mapema ili usidhani kwamba siku uliyonisimulia ni yako peke yako.

Nikikuelewa vizuri, una mizigo mitatu: kazi isiyosogea, watu unaowakwepa, na uamuzi wa Dar es Salaam unaokungoja mwisho wa mwezi. Yote mitatu umeifunga kwa kamba moja uliyoipa jina la uvivu. Naomba tuitazame kamba hiyo kwanza, kwa sababu nina wasiwasi kwamba ndiyo inayokuumiza mabega kuliko mizigo yenyewe.

Mtu anayetatua hitilafu ya mwenzake kwa dakika kumi bila malipo, na anayekesha hadi saa tisa usiku akiandika, ana makosa yake, lakini sioni ni kwa namna gani tutamwita mvivu. Zaidi ya hapo, mtu huyo huyo alimaliza hisa na akiba kwa wiki tano. Chumba kilikuwa kile kile, simu ile ile, umeme ule ule unaokatika. Ingekuwa tatizo liko katika tabia yako, lingekukamata tangu wiki ya kwanza. Kwa hiyo swali ninalotamani ujiulize ni dogo kuliko lile uliloniuliza mimi: faili la mikopo lina nini ambacho faili la akiba halikuwa nacho?

Mwaka 2013 wanasaikolojia wawili, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika kwamba kuahirisha kazi kunahusu zaidi hisia kuliko saa. Kazi fulani inampa mtu wasiwasi, aibu au hisia ya kwamba hajui, naye anaikimbia ili apate nafuu sasa hivi, na gharama ya nafuu hiyo anamwandikia yule atakayekuwa yeye kesho. Wewe unayetengeneza mfumo wa mikopo utalielewa deni la aina hiyo kuliko mimi. Ndiyo maana, nadhani, kumwachia mama ntilie simu hakukusaidia zaidi ya wiki. Ulizuia njia moja ya kukimbilia, lakini kile unachokikimbia kilibaki mezani kikikutazama.

Hata kipima muda chako nakiona hivyo hivyo. Njia hiyo ya dakika ishirini na tano za kazi na tano za kupumzika ilianzishwa na Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa mwanafunzi huko Italia, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ni njia nzuri, nami mwenyewe huitumia ninapolimbikiza barua kama yako. Humsaidia sana mtu anayejua hatua inayofuata lakini hana hamu ya kuipiga. Mtu asiyeijua hatua hiyo ataketi dakika ishirini na tano akisoma mistari ishirini anayoikariri, na saa ikilia atakuwa na ushahidi mwingine dhidi yake mwenyewe.

Hapa ndipo yule kijana wangu aliponiuliza swali ambalo lilinifanya niisome barua yako kwa mara ya pili. Aliuliza: "Huyu ndugu anaijua kanuni ya hiyo mikopo, au anaikisia?"

Nilikuwa katibu wa SACCOS kwa miaka kadhaa, kwa hiyo hapo sikuhitaji kueleweshwa. Tuchukue mwalimu aliyekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayokokotolewa juu ya salio. Mwezi wa kwanza atarejesha 100,000 za mkopo na 18,000 za riba. Mwezi wa pili salio ni 1,100,000, kwa hiyo riba inashuka hadi 16,500, na mwezi wa mwisho ni 1,500 tu. Jumla ya riba yote ni 117,000, ilhali chama kingetoza riba isiyoshuka angelipa 216,000. Hesabu hiyo sidhani kama inakushinda. Lakini mwezi wa nne mwalimu huyo anauguliwa, analeta 50,000 badala ya 114,000 hivi zinazotakiwa kabla ya kutaja adhabu. Fedha hiyo inakatwa adhabu kwanza, au riba, au inapunguza mkopo? Mwezi wa tano riba inapigwa juu ya salio lipi? Na kama mdhamini wake amelipa kwa niaba yake, inaandikwa kwa nani?

Majibu ya maswali hayo hayako ndani ya kompyuta. Mengine yamo katika masharti ya chama, na mengine, nakuhakikishia, hayajaandikwa popote. Yamo kichwani mwa mwenyekiti wa kamati ya mikopo, na yanabadilika kulingana na aliyeuguliwa ni nani. Nakumbuka kikao chetu kimoja kilichoanza baada ya chakula cha mchana na kwisha giza limeingia, tukibishana kuhusu adhabu ya mjane mmoja, na nilichoandika kwenye daftari baadaye kilikuwa mstari mmoja: "Isamehewe." Programu yako ingeusoma vipi mstari huo?

Huenda nimekosea, na ni wewe unayelijua faili lako. Lakini kama nimekaribia, basi yale unayoandika usiku na kuyafuta mchana huenda si kazi mbovu. Huenda ni makisio, na akili yako ya mchana inakataa kuyakubali kwa sababu inajua hujauliza. Na huwezi kuuliza bila kumpigia meneja, na huwezi kumpigia meneja bila kumwambia umefika wapi. Hivyo kazi inakwama kwa sababu ya simu, nayo simu inakwama kwa sababu ya kazi, na wewe uko katikati ukitazama video.

Sasa tuje kwenye njia ulizozitaja, ambazo kila moja ina uzuri wake na hatari yake.

Kazi ya Dar es Salaam inaweza kukufaa kwelikweli, na sitaki uione kama adhabu au kama kimbilio tu. Kuna watu ambao kukaa peke yao chumbani siku nzima kunawamaliza, na wakikaa na wenzao, wakaulizwa asubuhi wanafanya nini leo, wanachangamka. Ulichukuliaje vikao vya kuonyesha akiba na hisa? Ulisema walifurahi, hukusema kama wewe ulifurahi. Lakini huko ofisini nako utakabidhiwa siku moja faili usilolielewa, mbele yake atakaa msimamizi unayemheshimu, na kama mazoea ya kuficha hayajaguswa, utayahamisha pamoja na begi lako. Pia mfumo wa walimu hautafutika kwa sababu umepanda basi. Je, umeiuliza kampuni hiyo kama inaweza kukungoja wiki chache, au kama jioni na mwisho wa juma ni vyako? Katika barua yako sikuona kama swali hilo limeulizwa, nami naona ni la siku moja tu.

Rafiki yako, nampongeza kwa moyo wake. Ila Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360 katika miaka ya 1960, kazi iliyochelewa licha ya fedha na wataalamu wote wa kampuni ile, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyokwisha chelewa huizidishia kuchelewa, kwa kuwa wapya wanahitaji kufundishwa na wale wale waliokwama. Rafiki akija leo atakuuliza kanuni ya mikopo. Utamjibu nini? Akija baada ya kanuni kujulikana, huenda akawa mkono unaohitajika, na hata ukaamua mgawanyo wa malipo ukiwa na akili iliyotulia.

Kukopa ili urudishe fedha kunaweza kuonekana ni uungwana, na pengine itabidi, iwapo SACCOS wenyewe wataitaka. Lakini utakuwa na deni jipya, walimu watakuwa bado na madaftari yao, na mjomba atapata habari kwa mdomo wa mtu mwingine. Kuhusu duka la vifaa vya shule, sina neno baya dhidi ya biashara hiyo, ila wazo linalokuja saa tisa usiku ningelingojea lije tena saa nne asubuhi ndipo niliamini.

Ipo njia ambayo hukuitaja, nayo ni kwenda kwa meneja kabla ya lolote kati ya hayo. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Anaweza kukasirika, na ana haki. Bodi inaweza kuvunja mkataba au kukata malipo yako, kwa hiyo usome tena kipengele cha ucheleweshaji kabla hujaondoka nyumbani. Mjomba anaweza kuona aibu kwa siku kadhaa. Kwa upande mwingine, meneja huyo amekaa wiki nyingi bila kujua kama mtu aliyempa milioni tatu yuko hai, naye pia ana mkutano mkuu na wanachama watakaomuuliza. Nadhani ukimwendea na sehemu ya akiba inayofanya kazi, pamoja na karatasi moja yenye maswali saba au manane ya mikopo, mazungumzo yatakuwa tofauti na ukimwendea na maelezo ya umeme. Ukiamua kwenda, tafakari vizuri muda utakaouomba. C. Northcote Parkinson aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka ikajaza muda iliyopewa. Ukiomba miezi mitatu kwa kujihami, nahofia utairudia siku uliyonisimulia mara tisini. Huenda ukaahidi kitu kimoja kidogo kwa wiki moja, kwa mfano mkopo wa mwanachama mmoja asiyechelewa kulipa tangu mwanzo hadi mwisho, ukaupeleka, kisha ndipo mzungumze kuhusu wanaochelewa.

Kuhusu asubuhi zako, yule kijana ana mazoea mawili ambayo aliniruhusu nikupe. La kwanza, hafungui kompyuta kabla ya kuandika kwa kalamu jambo moja analotaka liwe limefanya kazi kufikia adhuhuri, kwa namba kamili: "Mkopo wa 1,200,000, mwezi wa pili, mfumo utoe riba ya 16,500." Namba hiyo anaiandikia jaribio kwanza, yaani kijiprogramu cha kukagua kama mfumo umetoa jibu hilo, kisha anaandika msimbo mpaka jaribio lipite, anakomiti, yaani anaihifadhi hatua hiyo, ndipo anakwenda kunywa chai. La pili, jioni huacha mstari mmoja ambao haujakamilika, pamoja na maelezo ya kilichobaki, ili kesho asianzie kwenye ukurasa mtupu wala kwenye mistari ishirini ya juu. Mimi nitaongeza la tatu, linalotokana na utafiti wa mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, kwamba nia hutekelezeka zaidi ikifungwa kwenye tukio maalumu kuliko ikibaki nia tupu. "Kesho nitajitahidi" haishiki. "Nikishaosha kikombe cha chai nitafungua faili la jaribio" inashika kidogo. Kundi la WhatsApp sikuambii ulitoke, maana nahisi ndilo mahali pekee siku hizi unapojiona fundi. Ila pengine wenye hitilafu wanaweza kukungoja mpaka adhuhuri.

Kuna jambo moja ningependa ulipime kwa uaminifu. Kama kuahirisha huku kumeenea hadi kwenye kula, kuoga na kukutana na watu, kama usingizi umeharibika hata usiku usiofanya kazi, au kama tangu utotoni umeshindwa kutulia kwenye jambo lolote lisilokuvutia papo hapo, zungumza na daktari. Sonona huja kwa sura hii hii, na hali ya kushindwa kutulia na kukaza akili, inayojulikana kwa kifupi kama ADHD, pia. Barua yako haikunionyesha hivyo waziwazi, lakini barua haionyeshi kila kitu.

Marehemu baba yako sitabishana naye, kwanza kwa adabu, na pili kwa sababu alikuwa akilea mtoto, naye mtoto huyo amekua mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya fedha za walimu. Kama angekuona saa tisa usiku, sijui angetumia neno gani.

Uamuzi wa Dar es Salaam nauacha mikononi mwako, na sioni ubaya ukienda wala ukibaki. Ukipata nafasi ya kuonana na meneja, niandikie, hata kwa mistari miwili. Na usisahau kumuuliza, maana sasa nami limenikaa kichwani: yule mwalimu aliyeleta elfu hamsini, fedha yake inaingia wapi kwanza?